Je, nihamishie familia Dodoma kwa ajili ya kazi ya miaka miwili?

Mama Kimara

Habari zenu, ndugu zangu. Naomba mawazo ya watu waliowahi kuhamisha familia yenye watoto kwa sababu ya kazi, hasa kutoka Dar es Salaam kwenda mkoani.

Mimi ni mhasibu katika kampuni binafsi hapa mjini, kwa ajira ya kudumu. Hivi karibuni nimepokea barua ya ofa kutoka shirika ambalo makao yake yamehamia Dodoma. Mkataba ni wa miaka miwili na unaweza kuongezwa endapo fedha za mradi zitapatikana. Kwa sasa mshahara wangu kabla ya makato ni shilingi 1,800,000, na wao wananipa 2,500,000. Wanataka niripoti mwanzoni mwa Oktoba hii ya 2025.

Mume wangu ana duka la vipuri vya magari Kariakoo, upande wa Gerezani. Amesema hanizuii, lakini duka halihamishiki kwa kuwa wateja wake wengi ni mafundi wa palepale. Tuna watoto watatu. Kifungua mimba yuko kidato cha tatu katika shule ya serikali ya kutwa. Wa pili ni binti wa darasa la tano katika shule binafsi inayofundisha kwa Kiingereza. Kitinda mimba ana miaka mitatu na anashinda na bibi yake, yaani mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye Kimara katika nyumba yetu wenyewe. Mama ana presha na kisukari, na kila mwezi anahudhuria kliniki.

Kinachonivuta si fedha peke yake. Ninatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri ili niwahi basi la mwendokasi kabla foleni ya Kimara Mwisho haijawa ndefu, na mara nyingi narudi saa mbili usiku, mdogo akiwa amekwisha kulala. Nimeambiwa kwamba Dodoma mtu anayetoka kazini saa kumi na nusu anafika kwake kabla ya saa kumi na moja na nusu. Wifi zangu wanasema mwanamke hahamishi nyumba, ila hilo tutalimaliza sisi wenyewe nyumbani.

Ninaona njia tatu: nisiende kabisa, niende peke yangu na kurudi mwisho wa wiki, au niende na watoto wote pamoja na bibi yao, mume wangu abaki na duka. Nyinyi mngeamuaje?

Baba wa Ijumaa

Dada, tupige hesabu kwanza, maana shilingi 700,000 za ongezeko hazitafika mkononi zikiwa kamili. Asilimia 10 itakwenda NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, yaani 70,000. Zile 630,000 zinazobaki zote zinaangukia katika daraja la juu la kodi ya mshahara, kwa kuwa tayari umevuka shilingi 1,000,000 kwa mwezi, na daraja hilo linakatwa asilimia 30, ambayo ni 189,000. Utabakiwa na 441,000. Kama bado unarejesha mkopo wa elimu ya juu, utoe na asilimia 15 nyingine.

Sasa chukua njia yako ya pili. Treni ya SGR, ile ya reli ya kisasa, ilipoanza kwenda Dodoma Julai 2024, nauli ya daraja la kawaida ilitangazwa kuwa shilingi 31,000. Ukija Dar mara mbili kwa mwezi, kwenda na kurudi, ni 124,000. Ukipanga nyumba ya heshima, tuseme ya shilingi 300,000, umebakiwa na 17,000, na bado hujanunua kijiko cha jikoni wala hujalipa umeme wa nyumba ya pili. Kwa fedha peke yake, kazi hiyo haikuhamishi. Hesabu itakaa vizuri iwapo nyumba ya Kimara itapangishwa, lakini haiwezi kupangishwa huku mume wako analala humo.

Ninayasema haya kwa sababu ndivyo ninavyoishi: ofisi yangu iko Mtumba, kwenye mji wa serikali huko Dodoma, familia iko Tabata, Dar. Treni imetusaidia sana, kwa kuwa safari iliyokuwa ikimaliza siku nzima ndani ya basi sasa ni ya saa tatu na nusu hadi nne hivi, na Ijumaa jioni utatukuta stesheni ya Dodoma tumejipanga na mabegi yetu ya mgongoni. Lakini treni haimrudishi mzazi ndani ya shughuli za nyumba. Wanangu wakitaka ruhusa ya jambo lolote wanamwuliza mama yao hata nikiwa nimekaa palepale sebuleni. Mimi wananiamkia kwa adabu zote, kama mjomba aliyekuja kusalimia. Jumamosi natatua mambo yaliyokwisha kutatuliwa Jumatano, na Jumapili mchana naanza kutafuta soksi za kuondokea.

Mwalimu wa Zamu

Mama Kimara, nitajibu kuhusu shule tu, kwa sababu ndiko ninakofanya kazi.

Kijana wa kidato cha tatu asihamishwe. Januari ataingia kidato cha nne, na usajili wa watahiniwa hufanyika mapema katika mwaka. Akishasajiliwa katika kituo fulani, kuhama ni jambo gumu mno. Zipo pia alama za tathmini endelevu zinazokusanywa shuleni na kuingizwa katika matokeo yake. Halafu kuna jambo ambalo wazazi hawaliulizi mpaka wamefika: je, shule mpya ina masomo yote anayosoma? Mwanafunzi anayechukua biashara na uwekaji hesabu anaweza kufika katika shule nzuri kabisa isiyo na mwalimu hata mmoja wa masomo hayo. Mtihani wake ni Novemba 2026. Muda huo si mrefu, mwacheni amalizie palepale.

Binti ana nafasi zaidi. Upimaji wa darasa la nne ameshaupita, mwaka 2026 atakuwa darasa la sita bila mtihani wa taifa, na mtihani wake wa kumaliza darasa la saba ni 2027. Ila zingatieni kwamba wanafunzi walioanza mtaala mpya wakiwa darasa la tatu mwaka 2024 watamaliza elimu ya msingi darasa la sita mwaka huohuo wa 2027, kwa hiyo makundi mawili yataingia kidato cha kwanza kwa pamoja Januari 2028. Ushindani wa nafasi katika shule zinazotakwa na watu wengi utakuwa mkubwa. Ningependa mwaka huo umkute ametulia, anawajua walimu wake na walimu wanamjua. Wakati mzuri wa kumhamisha ni Januari 2026. Shule binafsi nyingi hufanya usaili wa wanafunzi wapya kuanzia Oktoba, kwa hiyo anzeni kuuliza sasa.

Msimbadilishie lugha ya kufundishia kwa ajili ya kupunguza ada. Mtoto aliyejifunza sayansi na hisabati kwa Kiingereza kwa miaka mitano, ukimpeleka darasa la Kiswahili na baada ya miaka miwili umrudishe katika Kiingereza cha sekondari, umempa kazi mbili ambazo hakuziomba.

Mshika Mafaili

Nimekaa miaka mingi katika ofisi ya rasilimali watu, na nikisoma maelezo yako naona kila mtu anakimbilia watoto wakati mkataba wenyewe haujasomwa. Ajira ya kudumu unaiacha kwa mkataba wa miaka miwili wenye maneno "endapo fedha zitapatikana". Waswahili walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Sisemi usiende, nasema msala huu ukague kwanza umefumwaje.

La kwanza ni mahali pa kuajiriwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema kwamba mkataba ukisitishwa mahali tofauti na pale mfanyakazi alipoajiriwa, mwajiri atamsafirisha yeye na mizigo yake hadi alikoajiriwa, au atalipia gharama hizo, na anapochelewa kufanya hivyo mfanyakazi anastahili posho ya kujikimu kwa siku anazosubiri. Haki hiyo inategemea mkataba unasema uliajiriwa wapi. Wewe umeitiwa kazi ukiwa Dar es Salaam. Mkataba ukiandikwa kwamba mahali pa kuajiriwa ni Dodoma, siku ya mwisho utalitafuta lori kwa fedha zako. Nimewaona watu wazima wenye shahada zao wakisaini ukurasa huo bila kuutazama, kwa sababu macho yote yalikuwa kwenye mshahara.

La pili, kwa mfanyakazi mwenye chini ya miezi sita kwa mwajiri huyo, kinga ya sheria dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki bado haijamfikia. Ukianza Oktoba, miezi sita inaisha mwanzoni mwa Aprili. Kwa hiyo, kwa heshima zote kwa Mwalimu, mimi siwezi kumshauri mzazi amtoe mtoto shuleni Januari kwa kazi ambayo Februari anaweza kuambiwa imetosha. Likizo ya Juni ndiyo ningeitazama.

La tatu, gharama za kuhamia ni jambo la makubaliano kati yenu. Omba kabla ya kusaini: usafiri wa mizigo, nauli za wanafamilia, na malazi ya wiki za mwanzo unapotafuta nyumba. Uliza pia bima ya afya inawahusu wategemezi gani, maana watoto wanaandikishwa kwa kawaida, lakini mzazi wa mwenza ni suala la kuulizia. Na unapojiuzulu huko uliko, toa notisi ya maandishi isiyopungua siku 28, ukiwa umekwisha kushika mkataba uliosainiwa pande zote mbili. Barua ya ofa peke yake isikutoe kazini.

Mkazi wa Ipagala

Dada yangu, mimi nilihama na watoto kutoka Mbezi, na sijutii. Usiku tunakula pamoja, hilo ndilo jambo ambalo Dar lilikuwa limetushinda. Shule iko karibu kiasi kwamba mtoto anaamka saa kumi na mbili na bado anakunywa chai yake kwa utulivu. Hayo uliyoambiwa ni kweli, ingawa kama ofisi yako iko Mtumba na nyumba iko upande wa pili wa mji, asubuhi utajua kwamba Dodoma nayo inakua.

Yapo ambayo hutaambiwa na dalali. Maji ni ya kuuliza nyumba kwa nyumba. Mji huu una msimu mmoja tu wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili, na sehemu kubwa ya maji yake hutoka katika visima vya Mzakwe, kwa hiyo mitaa mingi inapata maji kwa mgao. Nyumba isiyo na tangi kubwa usiilipie, hata kama vigae vyake vinang'aa. Waulize majirani, na ikiwezekana fungua bomba mwenyewe siku mbili tofauti. Wenye nyumba wengi hutaka kodi ya miezi sita au ya mwaka kwa mkupuo, na dalali naye anataka kodi yake ya mwezi mmoja, kwa hiyo mwezi wa kwanza utauma. Miezi ya kiangazi kuna upepo na vumbi. Wanangu walikuwa wakitokwa na damu puani mpaka tulipozoea kuwapaka mafuta kidogo ndani ya pua na kuwanywesha maji mengi. Juni na Julai usiku ni baridi ya kutafuta sweta.

Kuhusu mama mkwe: matibabu hayatakuwa kikwazo, maana Hospitali ya Benjamin Mkapa iko hapa na ni kubwa, ombeni barua na nakala za faili lake kliniki anakohudhuria. Lakini nimeyasoma maelezo yako mara mbili na sikuona mahali ambapo mama mwenyewe ameulizwa. Umemweka katika mpango pamoja na watoto. Mtu mzima ana jumuiya yake, ana kikundi chake cha kufa na kuzikana, ana majirani wanaojua akinyamaza kutwa nzima maana yake ni nini. Akija huku atakaa ndani na mtoto wa miaka mitatu, nawe uko kazini.

Kijana wa Mbagala

Shikamooni. Nina neno moja kuhusu huyo kaka wa kidato cha tatu, kwa kuwa mimi niliachwa hapa Dar mwaka wa mtihani wakati wazazi wamehamishiwa Mtwara. Kumwacha amalizie shule ni sawa. Ila tafadhali semeni ni nani atakuwa nyumbani kuanzia saa tisa alasiri anaporudi shule mpaka saa mbili au tatu usiku baba anapofunga duka na kufika Kimara. Kwetu saa hizo zilikuwa za kwangu mwenyewe. Kula kulikuwapo na ada ililipwa, lakini hakukuwa na mtu wa kuniuliza nilikuwa wapi.

Baba wa Ijumaa

Kijana amegusa penyewe. Dada, ukitazama vizuri, kinachokwamisha si treni wala mshahara: bibi ni mmoja na nyumba zitakuwa mbili. Akienda Dodoma na mjukuu mdogo, mkubwa anabaki peke yake mpaka usiku. Akibaki na mkubwa, mdogo anakwenda kulelewa na mtu mpya kabisa. Amueni kwanza bibi anakaa wapi, mengine yatajipanga yenyewe.

Mama Kimara

Ndugu zangu, nawashukuru sana. Nimekaa na mume wangu na mama, tumezungumza kwa mara ya kwanza sote watatu, maana ni kweli kwamba nilikuwa nikizungumza na kila mmoja kwa wakati wake. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema hatoki Kimara mpaka mjukuu wake amalize kidato cha nne, na kwamba baada ya hapo tumwulize tena. Hakusema zaidi, nasi hatukumlazimisha.

Kwa hiyo tumefika hapa. Nimewaandikia waajiri kabla ya kusaini. Mahali pa kuajiriwa wamekubali paandikwe Dar es Salaam. Gharama za kuhamia wamekataa kunilipa kwa fedha, lakini watatoa lori moja la mizigo wakati wowote ndani ya mwaka wa kwanza. Nimeomba pia, na wamekubali, kwamba kila baada ya wiki mbili niifanye Ijumaa yangu katika ofisi yao ndogo ya Dar, jambo ambalo linanipa usiku mmoja zaidi nyumbani. Oktoba nitakwenda peke yangu, na badala ya nyumba nitapanga chumba na sebule. Nimepata kwa shilingi 120,000 kwa mwezi, kwa hiyo ile hesabu ya Baba wa Ijumaa inaacha kitu. Januari hakuna mtoto atakayehama. Kama Aprili itanikuta kazini na mambo yanakwenda, likizo ya Juni binti na mdogo watanifuata pamoja na dada wa kazi tuliye naye sasa, ambaye mdogo amemzoea na mwenyewe yuko tayari. Mkubwa atabaki na baba yake na bibi yake mpaka Novemba 2026. Mume wangu ameahidi kumwachia kijana wake wa dukani kazi ya kufunga siku za juma; nitaamini nikiona, lakini ameahidi mbele ya mama yake.

Najua Mwalimu alipendelea Januari. Nimebaki na swali moja kwake: shule ya binti inadai ada ya mwaka mzima, nami nategemea kumtoa katikati ya mwaka. Je, wanaweza kumzuilia uhamisho?

Mwalimu wa Zamu

Juni si vibaya, kwa kuwa mtihani wake utakuwa bado zaidi ya mwaka mmoja mbele. Mipaka yangu ni hapo. Ikipita Julai 2026, mwacheni amalizie Kimara.

Kuhusu ada, muulize mkuu wa shule kwa maandishi mwezi huu, kabla fomu za mwaka ujao hazijatoka, kama mwaka 2026 mtaruhusiwa kulipa kwa awamu, kisha lipa zile zinazofika Juni tu. Uhamisho wa mwanafunzi wa msingi unapitia katika PREM, mfumo wa kompyuta wa kumbukumbu za wanafunzi: mkuu wa shule anakotoka ndiye anayeuanzisha, na wa shule anakokwenda anampokea. Kwa vitendo, shule nyingi binafsi hazigusi mfumo huo mpaka deni limekwisha, kwa hiyo mzozo wa ada ukiibuka Juni, mtoto ndiye atakayekaa nyumbani akisubiri. Usimwondoe kabla shule ya Dodoma haijakuandikia kwamba nafasi ipo. Kwenye mkoba wako wa nyaraka ziwemo namba yake ya PREM, cheti cha kuzaliwa, matokeo ya upimaji wa darasa la nne na ripoti za mihula miwili ya mwisho. Hakikisha jina lake limeandikwa sawasawa katika zote, herufi kwa herufi, kwa sababu kosa moja la jina huchukua muda mrefu kurekebishwa kuliko uhamisho wenyewe.

Mkazi wa Ipagala

Hicho chumba na sebule kiko mtaa gani? Kama ni Ipagala au Ilazo, niandikie kwa faragha. Jumamosi nitapita nikaangalie maji yanatoka siku zipi kabla hujalipa miezi sita.